Tazama anti kwanza: kumtafutia mtoto kituo Kireka

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na baba siku nne. Zake nne mume wangu alizimaliza kwa foleni za hospitali na kwenda stendi kumpokea mama yake kutoka Mbale. Zangu 60 zilionekana nyingi mwanzoni. Ukizipiga hesabu ya wiki, hata miezi mitatu hazifiki vizuri, na mtoto wa umri huo shingo ndiyo kwanza inakaza.

Kazi yangu ni makaratasi ya forodha, ya mizigo inayopanda kutoka bandari ya Mombasa. Ofisi iko upande wa Nakawa, Kampala, nyumbani ni Kireka, nje kidogo ya jiji. Ningekuwa kwetu Likoni, Mombasa, mtoto angeshinda kwa bibi yake na habari ingeishia hapo. Hapa sina mama wala shangazi. Mavyaa alijitolea, kwa moyo mweupe kabisa, kukaa naye Mbale mpaka afikishe miaka mitatu. Nikamshukuru, nikamwambia mtoto bado ananyonya. Akanielewa, au alinionyesha kwamba ameelewa. La mkwe huwezi kulijua lote.

Ikabaki dada wa kazi au kituo cha kulelea watoto. Watu wa Kampala hawajasahau ile video ya Novemba 2014, msichana wa kazi akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo sebuleni, bila kujua baba mwenye nyumba ametega kamera. Yule msichana alifungwa miaka minne. Mume wangu akilitaja hilo jambo hadi leo anainuka kwenye kiti. Mie sikuliona kama hoja ya kukataa madada wote, maana nimelelewa na dada wa kazi na nampenda kama ndugu. Lakini dada anakuwa peke yake na mtoto kutwa nzima, mlango umefungwa, hana wa kumpokea akichoka. Kituoni angalau kuna mtu wa pili anayeona. Hiyo ndiyo iliyoniamulia.

Sishangai basi kwamba vituo kadhaa nilivyoingia vilianza kunionyesha kamera kabla hata ya kuniuliza jina la mtoto. Kwenye kimoja niliuliza: hizi picha anazitazama nani? Madam, yaani mama mwenye kituo, akasema ziko kwenye simu ya mumewe, na mumewe yuko Mbarara. Kamera ile ilikuwa imewekwa kwa ajili yangu mzazi, si kwa ajili ya watoto. Kamera inarekodi kilichokwisha kutokea, tena kama umeme haukukatika. Sikatai iwepo. Nakataa iwe ndiyo jibu.

Kuhusu leseni nitasema kwa ufupi, kwa sababu haichukui muda kuiuliza. Sheria ya Elimu ya 2008 iliitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya elimu, lakini uendeshaji wake ikauacha mikononi mwa watu binafsi. Serikali inapaswa kusimamia na kukagua, ada unalipa wewe. Kireka iko Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso, ingawa sote huku tunajiita watu wa Kampala, kwa hiyo makaratasi ya kituo cha hapa hayatoki KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Niliona cheti kimoja kilichowekwa kwenye fremu nzuri, jina la shule limeandikwa vingine na mtaa ni wa mbali. "Tulihama," nikaambiwa. Labda kweli. Nilipokwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kuuliza, yeye ndiye aliyenipa habari zenye nyama: nani anaishi nyumba ya nyuma, bomba la maji linakauka siku zipi, na kwamba mwaka uliopita walezi wote wa pale waliondoka pamoja katikati ya muhula. Mwenyekiti wa LC hana cheti cha malezi, ila anajua nani alilia na nani alihama.

Kipimo changu cha kwanza langoni kilikuwa kadi ya chanjo. Sheria ya Chanjo ya 2017 inataka mzazi aonyeshe kadi mtoto anapoandikishwa kituoni, shule ya awali au msingi. Si kila mtu anaijua, lakini mwenye kituo anapaswa kuijua. Mahali pengine walinipa fomu, nikajaza, wakahesabu pesa, wakanikaribisha Jumatatu. Kadi ya mwanangu ilikuwa mkobani na hakuna aliyeiulizia. Surua haigongi mlango mmoja mmoja, na mtoto hapati chanjo yake ya surua mpaka miezi tisa; mwanangu alikuwa na mitatu. Kama hawakuiuliza yangu, hawakuiuliza ya yule anayekohoa pembeni. Pale sikurudi.

Sasa nije kwenye jambo lililonishughulisha kuliko yote.

Niliingia katika nyumba moja nzuri sana. Ukutani twiga, herufi, upinde wa mvua, zulia la povu la rangi rangi, bembea mpya uani. Ilikuwa saa nne asubuhi na nyumba ilikuwa kimya. Nikaonyeshwa chumba cha kulala: watoto wote wamelala. Wa miezi sita amelala, wa mwaka amelala, wa miaka mitatu na nusu naye amelala, mdomo wazi, jasho linamtoka, mmoja bado ana kiatu mguuni. Nikauliza wanaamka saa ngapi. "Hawa ni wapole," madam akanijibu, na akanitoa chumbani kunionyesha bembea. Sikuona dawa, na sitamsingizia mtu. Ila kila mzazi wa hapa amewahi kusikia habari za dawa za mafua zinazoleta usingizi zikinyweshwa watoto ili watulie, na nimelea watoto wa dada zangu vya kutosha kujua kwamba mtoto wa miezi sita na wa miaka mitatu hawana saa moja ya usingizi. Watoto wazima wakikaa pamoja asubuhi, mmoja analia, mmoja ananyang'anya, mmoja amemwaga uji. Tangu siku ile kimya cha kituo kinanitia wasiwasi kuliko kelele.

Nyumba nyingine haikuwa na twiga ukutani. Niliingia bila kuwaarifu, saa ya uji. Anti mmoja, ndivyo walezi wa vituoni wanavyoitwa huku, alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, anabadilisha nepi ya mtoto huku akimwambia kwa Kiganda kila anachofanya, sasa nakufuta, sasa inua mguu, aa wewe, usinipige teke. Alipomaliza aliitupa nepi kwenye ndoo yenye mfuniko, akainuka, akanawa kwa sabuni kwenye dumu lenye bomba, ndipo akamshika mtoto mwingine. Hakujua mie ni nani. Alidhani nimeleta maziwa. Tangu korona, halafu ile ebola ya 2022, kila lango lina ndoo ya kunawia. Zipo zilizokauka mpaka buibui amejenga ndani. Kwa hiyo usitazame ndoo, tazama mikono. Kule kwenye twiga nilimwona anti akifuta pua za watoto watatu kwa kitambaa kimoja, akakirudisha mfukoni.

Walezi wenyewe ndio walionifundisha niulize nini. Katika kituo kimoja kikubwa, madam alipoitwa simu, nilibaki na anti mwenyeji wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa nchi. Watu wa West Nile wengi Kiswahili wanakisema, basi tukaelewana upesi. Nikamuuliza amekaa pale muda gani.

"Mimi ni wa zamani, mama. Nimeingia mwezi wa pili."

Tulikuwa mwezi wa saba. Nikamuuliza kama malipo ni mazuri.

"Tunalipwa. Lakini pesa ya mwezi uliopita bado, madam anasema tungoje wazazi wamalize ada." Akamhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine. "Na mtu akikosa siku, anakatwa. Juzi nilikuja na homa."

Alikuwa na wachanga wanne peke yake. Alikuwa mpole, wala sikuona baya alilofanya. Lakini nilijiuliza, mtu ambaye kodi ya chumba chake haijalipwa, anayekuja na malaria ili asikatwe, atakuwa mpole mpaka saa ngapi? Saa nne atakuwa mpole. Saa kumi jioni, wachanga wanne wanalia kwa zamu, mvua imelowesha upya nguo zake alizoanika na mzazi mmoja amechelewa? Hapo ndipo mtoto anapofinywa, na anayefinya huenda hakuzaliwa mkatili. Tangu hapo swali langu kwa kila mwenye kituo lilikuwa moja kabla ya mengine: walezi wako wamekaa kwako muda gani, na aliyekaa muda mrefu zaidi ni nani, naweza kusalimiana naye? Wapo walionitazama kama afisa wa kodi. Mmoja aliniambia mambo ya wafanyakazi hayamhusu mzazi. Yananihusu. Mtoto wa miezi mitatu hajui twiga wa ukutani, anajua harufu na sauti ya mtu mmoja au wawili, na wakibadilishwa kila muhula anaanza upya kila muhula.

Idadi nayo usikubali ile ya kwenye karatasi. "Tuna walezi sita" huenda ikawa pamoja na mpishi, mlinzi na madam mwenyewe. Hesabu waliomo chumbani na watoto, kisha fikiria moto. Nchi hii inaijua hofu hiyo: bweni la Buddo Junior mwaka 2008, shule ya watoto wasioona ya Salama kule Mukono Oktoba 2022, watu 11 wakafa. Mtu mmoja ana mikono miwili. Wachanga wawili anaweza kukimbia nao, wa tatu atamchukuaje? Nikawa naingia chumba cha kulala naangalia dirisha. Kwa sababu ya wezi kila dirisha la huku lina nondo, na mlango wa nyuma una kufuli. Ninauliza: ufunguo uko wapi? Jibu zuri ni mkono unaoonyesha msumari ukutani karibu na mlango. Jibu baya ni "anao fulani, ametoka kidogo."

Jikoni, sigiri. Karibu kila kituo kinapikia makaa, na sina tatizo na makaa yenyewe. Tatizo ni pale jiko linapoingizwa ndani siku ya mvua, kwenye korido wanakolala watoto. Hewa ile ya sumu haina harufu, mtu analala tu asiamke. Beseni la maji ya kufulia lililoachwa uani nalo linatosha kumzamisha anayetambaa, hata maji yakiwa ya kina cha sentimita chache. Mambo haya mawili nilikuwa nayaona kwa macho, siulizi, kwa sababu ukiuliza kila mtu atakwambia hawafanyi.

Kuhusu chakula, nilikuwa na ugonjwa wangu binafsi. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, sisi wa forodha ndio tuliopokea simu za madereva waliokwama mpakani, kwa hiyo siwezi kuona uji wa mahindi na karanga bila kuuliza unga umehifadhiwa wapi. Gunia lililolalia sakafu yenye unyevu linanitosha kukataa. Karanga nzima kwa mtoto mdogo pia sitaki hata kuziona mezani, ni za kukabia koo. Mengine, matoke, maharage, posho (ndiyo ugali wa huku), sikuyapigia kelele.

Nilichokichagua mwishowe ni nyumba ya mama mmoja upande wa Kyaliwajjala. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Shule aliyofundisha ilikufa wakati chekechea za Uganda zilipofungwa kwa korona kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 2022, akaanza kulea watoto wa majirani sebuleni kwake. Watoto ni wachache, anti ni wawili, mmoja yuko naye tangu mwanzo na ni yule wa nepi niliyemtaja. Kasoro zipo. Choo cha watu wazima kiko nje na njia yake ina ngazi mbaya. Midoli ni michache na nusu yake ni vifuniko vya chupa na makopo. Mchana televisheni inawashwa kuliko ninavyopenda, na nikilisema hilo madam anacheka, ananiuliza nyumbani kwangu nawasha saa ngapi. Kamera hakuna. Mume wangu ilimchukua muda kukubali hilo la kamera. Tulikubaliana mambo machache kabla ya kulipa: mtoto alazwe chali, chandarua kishushwe hata mchana, asipewe dawa yoyote bila kunipigia simu, na nitaruhusiwa kuingia saa yoyote bila taarifa. Hilo la mwisho alilikubali kabla sijamaliza sentensi. Wengine walikuwa wameniambia wazazi hawaingii ndani "kwa sababu za usalama", na sikuwahi kupata mtu wa kunieleza usalama wa nani.

Kwamba mahali ni pazuri hulijui siku ya kuandikisha, unalijua siku jambo likiharibika. Mwanangu alipokuwa na mwaka na kidogo aling'atwa mkono na mwenziwe, alama ya meno imekaa kama muhuri. Nilipofika langoni anti alitoka mbio kabla sijashuka kwenye boda. "Mama, samahani, leo ameumwa na mwenzake. Nilikuwa namlisha mwingine, nilichelewa kuwatenganisha. Tumemwosha, tumeweka maji baridi." Madam alikuwa ameandika kwenye daftari saa na namna ilivyotokea, akanisomea, jina la mtoto mwingine hakulitaja. Niliukasirikia mkono ule njia nzima, lakini sikumkasirikia anti. Jirani yangu, mwanawe anakwenda kwingine, aligundua michubuko mgongoni wakati wa kuoga, na alipouliza kila mtu alisema hakuona. Watoto wanaanguka na kung'atana kila mahali. Ninachotaka ni kwamba niambiwe na aliyekuwepo, kabla sijauliza.

Jirani huyo nilimpa namba 116, ile laini ya bure ya watoto inayoitwa Sauti. Alikuwa anaona aibu kupiga, anaogopa kumharibia mtu riziki. Tulikaa naye mpaka akapiga. Mtoto alimhamisha wiki ileile.

Siku nyingine nilinasa kwenye foleni ya Jinja Road, pale Banda, mvua kubwa, magari hayasogei, na simu inaelekea kuzima. Nikamtuma rafiki yangu akamchukue mtoto. Madam akamkatalia. Jina halimo kwenye kitabu cha wanaoruhusiwa, na mie sikupatikana kwa simu. Rafiki yangu alikasirika, akanitumia ujumbe mrefu wa sauti wenye maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Madam akampigia mume wangu, akamuuliza maswali, kisha akasema heri mtoto alale kwake kuliko kumtoa kwa mtu asiyemjua. Nilifika usiku, nimelowa, nimempata mwanangu anakula maharage na watoto wa mwenye nyumba. Faini ya kuchelewa aliidai palepale, na niliilipa.

Mwaka huu anti wa pili ameondoka, amepata kazi ya mshahara mzuri zaidi mjini. Madam alitwambia wazazi mapema, akataka kuongeza ada kidogo ili amlipe vizuri atakayekuja na amwongezee yule wa zamani asije naye akafuata. Wapo walionung'unika. Mie nilisema nitalipa, ila nyongeza iende kwa walezi kweli, na yule mpya akae wiki nzima na wa zamani kabla ya kuachiwa chumba. Tulibishana kidogo kuhusu hilo la wiki, akakubali siku nne.

Mwanangu sasa anazungumza Kiganda kuliko mimi, ananiita "jangu, mama" akitaka nimfuate, na Kiswahili ananijibu kwa kuchagua. Januari ataingia chekechea, na shule tunayoifikiria iko ng'ambo ya barabara ya mzunguko, kwa hiyo atapanda gari la shule. Jana nilikwenda kusimama pale magari ya shule yanaposhushia asubuhi. Gari moja dogo lilishusha watoto wengi kuliko viti vyake, wakubwa wamewapakata wadogo, na mtu mzima ndani alikuwa dereva tu. Kesho nakwenda kumuuliza mwalimu mkuu analipwa nani wa kukaa nao nyuma.